Geti Lililokataa Kutoka

Mume wangu anaitwa Cheche, na kabla hujaniuliza, ndiyo, ni yule yule. Ni yule fundi aliyejenga geti ndani ya karakana likashindwa kutoka. Watu huniuliza wakiwa wamekaa kwenye kiti changu cha saluni, vichwa vyao mikononi mwangu, wakidhani nitaona aibu. Sioni. Mtu akiniuliza hilo namsuka polepole makusudi, ili nipate muda wa kumsimulia mpaka mwisho, kwa sababu wengi wameisikia nusu ya kuchekesha tu. Mimi najivunia mume wangu, na fahari yangu inaanzia pale pale wao wanapomaliza kucheka.

Jina la Cheche alipewa alipokuwa anajifunza kuchomelea kwa mjomba wake. Hakuwa na subira. Mjomba akisema vaa miwani kwanza, yeye cheche zimeshamfika kwenye nyusi. Alitoka kwenye nyumba ambayo mlango wake ulikuwa bati moja lililofungwa kwa waya, na watoto wa jirani walikuwa wakilipiga teke wakipita mbio ili wamsikie mama yake akifoka. Akakua na hamu ya mlango ambao mtu akiufikia atasimama. Siku aliyokuja kwetu kunichumbia, kitu cha kwanza alichokitazama hakikuwa mimi bali bawaba za mlango wa mbele. Baba akamnong'oneza mama, "Huyu amekuja kuoa mlango." Nilimsikia, na nilimkubali hivyo hivyo.

Karakana yake iko chini ya jengo la ghorofa, kwenye barabara ya mafundi, jirani kabisa na saluni yangu. Alikuwa hodari, na sisemi hivyo kwa kuwa ni wangu. Wengine walikuwa wakinunua maua ya chuma yaliyotengenezwa tayari na kuyabandika. Yeye alikuwa akikata ua lake mwenyewe, analipasha moto, analipinda mpaka unaona kama upepo umelipitia. Wenye nyumba kubwa walianza kumtafuta kwa jina.

Lakini alikuwa mtu wa kutaka. Alitaka mashine kubwa, akaipata. Alitaka makochi ya ngozi, yakaja, yakaijaza sebule mpaka wageni wakawa wanapita kwa ubavu. Alitaka runinga pana kuliko ya Miwani, fundi mwenzake wa karakana ya tatu kutoka kwetu, akainunua, tukawa tunaitazama tukiwa tumeinua shingo kwa sababu hapakuwa na pa kurudi nyuma. Kila alichokitaka kilikuwa kitamu mpaka kifike nyumbani. Kikishafika atakizunguka, atakigusa, na wiki haijaisha utasikia ameanza kuzungumzia kingine. Jumapili mimi na watoto tulikwenda kanisani. Yeye alizunguka mitaani kuangalia mageti ya wenzake, na akikuta zuri, siku hiyo hali chakula.

Upande wa pili wa barabara kulikuwa na mzee mmoja tuliyemwita Fundi Madirisha. Huyo alitengeneza madirisha na vitanda, basi. Hakuwa na nakshi wala mbwembwe, na kutwa nzima alikuwa akiimba nyimbo za kanisani kwa sauti mbaya kiasi kwamba tulishukuru grenda ya kukatia chuma ikiwashwa. Cheche alimtania mbele ya wateja. "Ukitaka kulala nenda kwa yule," alikuwa akisema, "ukitaka kuonekana njoo kwangu." Mzee alikuwa akisikia, anacheka na yeye, anaendelea na wimbo wake pale alipokuwa ameukatisha.

Basi akaja Tajiri wa Mabasi. Alikuwa amejenga nyumba kwenye kilima na alitaka geti la kusukuma pembeni, la kuteleza juu ya reli, lenye tai aliyetandaza mabawa kutoka mwanzo mpaka mwisho. Na alitaka liwe kipande kimoja. Mageti marefu namna ile huletwa vipande viwili na kuunganishwa pale pale, kisha mshono unabaki katikati, unaoonekana kwa kila mwenye macho. Cheche akamwahidi: kipande kimoja, bila mshono. Tajiri akamwambia kwamba siku ya kufungua nyumba atawaita wageni wake wakubwa, na fundi wa geti lile ndiye atakayepewa mageti ya mtaa mzima wa nyumba mpya alioanza kuujenga bondeni. Kila nyumba na geti lake. Fundi yeyote angekosa usingizi kwa ahadi hiyo, sembuse wa kwangu.

Sasa, mafundi wa kuchomelea hufanya kazi nje, mbele ya karakana, ukingoni mwa barabara. Chuma kinataka nafasi na moshi unataka pa kwenda. Lakini Cheche aliogopa tai wake asije akaigwa kabla hajaruka. Akaingiza kazi yote ndani, akaziba mbele kwa mabati, akaacha kimlango cha kupita mtu mmoja. Alikuwa anatoka humo jioni ana macho mekundu, anakohoa, anatabasamu. Mimi mwenyewe nilinyimwa ruhusa ya kuchungulia, eti nina wateja wenye midomo.

Siku ya kulipeleka, lori likaja likasimama, na barabara nzima ikaacha kazi. Ukifunika sufuria kila mtu atataka kujua unapika nini. Cheche akang'oa mabati kwa madaha, akasogea pembeni ili watazame. Lilikuwa zuri, sitadanganya. Kila unyoya ulikuwa umekatwa peke yake, na mabawa yalikwenda kutoka ukuta hadi ukuta bila jicho kukwama popote. Miwani alivua miwani yake, akaipangusa, akaivaa tena.

Vijana wa lori wakaliinua. Wakalisogeza kulia, likagonga ukuta. Wakalisogeza kushoto, likagonga nguzo. Wakajaribu kuligeuza, hapakuwa na upana wa kuligeuzia. Wakajaribu kulisimamisha, likagonga dari. Unakijua kitanda kilichounganishiwa chumbani, siku ya kuhama ndipo mnagundua hakipiti mlangoni? Ndiyo hiyo. Mbele ya karakana kuna nguzo mbili za zege zilizobeba ghorofa na wapangaji wake, na kati ya nguzo hizo geti lile halikuwa na namna ya kupita. Cheche alikuwa ameupima mlango wa tajiri mpaka mlinzi akamzoea. Mlango wake mwenyewe hakuupima.

Vicheko vilianza kwa mmoja, vikaenea. "Fundi, mwambie tajiri ahamie humu." Mwingine akashauri wapangaji wa juu waombwe washuke kidogo. Dereva wa lori akasema anakwenda kula, wakimaliza kubomoa nyumba wamwite. Nilimwacha mteja na nusu ya kichwa, nikatoka. Nilimkuta mume wangu amekaa juu ya kopo la rangi, mikono katikati ya magoti.

Fundi Madirisha akavuka barabara, grenda mkononi, waya begani. "Ndugu zangu," aliwaambia wale waliokuwa wakicheka, "chuma chenu kimeanza kujichomelea chenyewe?" Wakatawanyika wakiwa bado wanacheka. Yeye akachuchumaa karibu na kopo la rangi.

"Kaka, tukate wapi?"

"Nilimwahidi kipande kimoja," Cheche akasema.

"Najua. Tukate wapi?"

"Si afadhali niache kazi yenyewe."

"Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Shemeji," akanigeukia mimi, "rudi kwa mteja wako, asije akatembea mjini hivyo."

Wakakata chini ya bawa, mahali manyoya yanapolaliana. Wakazihamishia zile nusu mbili kwenye uwanja wa mzee, na mzee akaweka pembeni madirisha ya watu waliokuwa wakiyasubiri, wakaunganisha. Hawakuchomelea kwa pupa, maana chuma ukikipa moto upande mmoja kinavuta, kinapinda. Walishika kwa nukta ndogo za moto, moja hapa, moja pale, wakapumzika, wakarudi. Wakasaga, wakapaka rangi. Kesho yake, mimi niliyejua mshono ulipo niliutafuta kwa kucha nisiupate. Geti likapelekwa, likawekwa kwenye reli yake, msimamizi wa tajiri akalipokea akisifu.

Na hakuna aliyemwambia tajiri. Barabara yetu ina sheria moja ambayo haijaandikwa popote: fundi huchekwa na mafundi wenzake, lakini hachongewi kwa mteja, kwa sababu kila mmoja ana mshono wake aliouficha mahali. Hata Miwani, ambaye kwa neno moja tu angeuchukua mtaa mzima wa bondeni, alinyamaza. Siri ilikuwa salama kabisa.

Kilichomsumbua Cheche kwanza hakikuwa siri, alikuwa ni yule mzee. Mtu umemtania miaka nenda rudi, kisha siku unapoanguka anakuja na grenda yake badala ya kicheko. Jioni moja akavuka barabara kumuuliza. Nilikuwa nimewapelekea chai, nikasikia mwenyewe.

"Kwa nini wewe hukucheka?"

"Nilicheka," mzee akasema. "Nilijifungia kule ndani nikacheka mpaka machozi. Halafu nikaja."

Cheche akacheka naye, kidogo. Mzee akamwuliza, "Mdogo wangu, hivi wewe unatafuta nini hasa?"

"Jina."

"Ukishalipata?"

Cheche akafikiri. "Nitatafuta kubwa zaidi."

"Na hilo kubwa ukilipata?" Mume wangu akamsogezea chuma kimoja. Mzee akaendelea kupanga vyuma vyake huku anazungumza, bila kuhubiri, kama mtu anayeelekeza njia. Alisema yeye pia alikuwa hivyo ujanani, kwamba aliwahi kumpiga mtu kwa sababu ya kazi ya mlango wa benki. Alisema hakuna mwanadamu aliyewahi kushiba kwa kutazamwa na watu. Akasema Yesu hakungoja mtu awe na geti ndipo amtembelee. Alimjia yeye wakati hana hata dirisha, akamwambia wewe ni wangu, na tangu siku hiyo anatengeneza vitanda kwa furaha ambayo hawezi kuieleza vizuri ndiyo maana anaiimba. "Najua siimbi vizuri," akasema. "Mke wangu ameniambia."

Cheche akawa anavuka barabara kila jioni. Nikadhani anajifunza madirisha. Siku moja ya Jumapili nikiwa nafunga viatu vya watoto, nikamkuta mlangoni amevaa shati lililopigwa pasi, ametangulia. Akaja Jumapili iliyofuata, na iliyofuata. Jumapili ile aliyosimama, mchungaji alikuwa hata hajamaliza kuuliza nani anataka kumpokea Kristo. Alisimama jinsi alivyokuwa akiwasha mashine utotoni, kabla ya kuambiwa. Alilia mbele za watu, mwanamume mzima mwenye mikono ya kuungua, na mama mkwe wangu, aliyekuwa ameliombea jambo hilo tangu enzi za mlango wa bati, akaketi chini sakafuni akimshukuru Mungu.

Nyumbani nilianza kuona mambo. Alilala usingizi, ule wa kweli, wa kukoroma. Alikaa na watoto bila kutazama nje. Alikula akaomba tena. Nilidhani anaumwa, nikamwambia twende tukapime.

"Siumwi, Mama Watoto," akaniambia. "Miaka yote nilikuwa natengeneza mageti ili nionekane. Kumbe nilikuwa nimeshaonekana. Mungu aliniona nikiwa nyuma ya lile bati na akanipenda vile vile, bila tai wala maua ya chuma. Sasa natafuta nini tena?"

Nilifurahi, nani asingefurahi? Nilifurahi mpaka pale aliponiambia kwamba atakwenda kumweleza tajiri habari ya mshono.

Hapo nilishika kiuno. "Nani amekuuliza? Geti limesimama, limependwa, halina kasoro. Na unajua nini kinangoja siku ya sherehe."

"Aliagiza kipande kimoja. Nilimpelekea viwili nikasema kimoja."

"Hukusema. Ulinyamaza."

"Nilinyamaza ili aamini."

"Na mtaa wa bondeni?"

"Akinipa akijua, nitaufanya kwa moyo wote. Akininyima, basi." Akalisema hilo "basi" kwa wepesi, mtu aliyekuwa hali chakula kwa sababu ya ua la geti la mwenzake. Nilimtazama sana. Niligombana naye mpaka chai ikapoa, na hakunikasirikia hata kidogo, jambo ambalo linaudhi kuliko yote.

Alikwenda kilimani kumtafuta tajiri, akaambiwa amesafiri. Akarudi tena, mlinzi akamwambia tajiri hana nafasi, waonane siku ya sherehe. Mpango wake ulikuwa kumvuta pembeni siku hiyo, kabla wageni hawajafika, amweleze wakiwa wawili tu. Mimi nilivaa gauni langu la kijani, nikaenda nikiomba Mungu tajiri asipatikane.

Akapatikana. Tajiri wa Mabasi ana sauti ya kituo cha mabasi, na alipotuona tunaingia akaitumia yote. "Fundi wangu huyo! Njoo hapa mbele." Akamshika Cheche bega, akamsimamisha kando ya geti, wageni wakasogea na glasi zao. Akawaeleza urefu wa geti, uzito wake, jinsi wenzake wote walivyo na mageti yenye makovu katikati. Akamgeukia mume wangu, akawakonyeza wageni. "Haya fundi, waonyeshe watu hawa mshono uko wapi."

Wageni wakacheka. Lilikuwa swali la majivuno tu, lisilotaka jibu. Ilitosha Cheche acheke nao, ainue mikono, na mtaa wote wa bondeni ungekuwa wake. Niliyaona mabega yake yakipanda na kushuka.

Akalisogelea geti, akainama, akaweka kidole chini ya bawa. "Uko hapa, mzee."

Vicheko viliendelea kidogo, kisha vikaisha kimoja kimoja. Tajiri akasema, "Unatania."

"Sitanii. Nilikuja mara mbili kukwambia peke yako, sikukupata. Samahani inabidi iwe hivi." Akawaeleza yote, bila kujitetea na bila kumtaja Miwani wala mtu mwingine kwa ubaya: jinsi alivyojifungia ndani kwa wivu, jinsi alivyopima mlango wa mwenzake akasahau wake, jinsi vijana wa lori walivyolisukuma huku na huku. Hadithi yenyewe inachekesha, na anajua kusimulia; wageni wakaanza kucheka upya, mama mmoja akafuta machozi. Tajiri hakucheka. "Niko tayari kutengeneza jingine kwa nguvu zangu," Cheche akamalizia, "nje, barabarani, kipande kimoja kweli."

"Hakuna aliyeuona huo mshono," tajiri akasema kwa sauti ya chini. "Ungenyamaza tu."

"Najua, mzee. Ningeweza zamani. Sasa nina Bwana mwingine, na huyo ananitosha."

Tajiri akampa Cheche mgongo, akawakaribisha wageni ndani, na sisi hatukukaribishwa. Tulishuka kilima kwa miguu, mimi na viatu vyangu virefu mkononi. Nilikasirika njia nzima, nikamwambia nilichomwambia. Lakini tulipofika nyumbani nikamwona ananawa uso, anapiga mluzi, nikajiuliza ni wanawake wangapi mjini wameolewa na mtu anayeweza kusimama mbele ya watu wakubwa akakionyesha kidonda chake kwa kidole. Fahari ilinijia pale pale, nikiwa bado nimenuna, ikanilazimu kuiingiza jikoni nikaifiche kwenye masufuria.

Mtaa wa bondeni akapewa Miwani. Wateja wengine wakubwa nao wakapungua, maana tajiri akikataa fundi, rafiki zake hukataa pia. Tuliyauza makochi ya ngozi, na niseme ukweli, tulipata pa kukaa. Cheche akayaondoa mabati kabisa. Akafanya kazi nje, barabarani, na mtu akisimama kutazama anavyopinda ua, alikuwa akimwita asogee aone vizuri.

Mvua zilikuwa zimekatika tu siku Miwani alipoingia saluni kwangu. Hakuwa amekuja kunyolewa. Alisimama karibu na kioo, akiizungusha kofia yake.

"Shemeji, Kaka Cheche yupo?"

"Unamtakia nini? Hujapata vya kutosha?"

Akalimeza hilo. Akaniambia kwamba mageti ya bondeni yanapinda. Alikuwa anakimbizana na siku ya kukabidhi nyumba, akawa anachomelea upande mmoja moja kwa moja ili amalize, na chuma kikavuta. Mageti yalikuwa yamesimama kama milango ya banda la kuku, hayafungi, na tajiri anakuja kukagua. Nikamwambia asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na nilikuwa na mengine mengi ya kumwambia, lakini Cheche alikuwa ameshasikia kutoka nje. Aliingia akipangusa mikono.

"Yamepinda upande gani?" akauliza. Basi. Hakuuliza kingine.

Akaenda bondeni, na Fundi Madirisha akafuata na grenda yake na nyimbo zake. Walifungua kila geti, wakalikata, wakalinyoosha, wakalishika upya taratibu, Cheche akimwonyesha Miwani wapi aanze na wapi apumzike, bila kumficha kitu. Kwenye geti la mwisho Miwani aliomba wachore ua. Cheche akalipinda lile ua lake, lile nililosema kama upepo umelipitia, akampa alichomelee yeye.

Tajiri alikuja kukagua siku niliyokuwa nimewapelekea chakula. Akapita geti kwa geti, akiyafungua na kuyafunga kwa kidole kimoja. Kwenye lile la mwisho akasimama, akaligusa ua, akamwambia Miwani kwa ile sauti yake, "Wewe ndiwe fundi. Tangu leo kila nitakachojenga ni chako." Cheche alikuwa amepiga magoti hapo hapo anakusanya waya. Tajiri alimwona, akamtambua, akageuza uso. Miwani akafungua mdomo ili aseme. Niliona kabisa anataka kusema. Mume wangu akamtikisia kichwa kidogo, akaendelea kukunja waya.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, mimi nimebeba vyombo, yeye amebeba kisanduku cha zana. Nilivumilia mpaka nikashindwa.

"Lile ua ni lako. Umelisikia limesifiwa kwa jina la mtu mwingine. Niambie kweli, Baba Watoto, usinipe maneno ya kanisani. Hukuona wivu hata kidogo?"

Alikihamishia kisanduku mkono wa pili. Alitembea akifikiri, kwa sababu nilimwomba kweli na hanidanganyi tena.

"Niliuona," akasema. "Ulikuja, nikausikia unapiga hodi hapa kifuani, ule ule wa zamani. Ukakuta pamejaa, ukapita."

Mimi si mtu wa kushikana mikono barabarani. Mambo hayo nawaachia vijana. Nilivihamishia vyombo vyote upande mmoja, nikamshika mkono, mchana kweupe, tukapita hivyo mbele ya mafundi wote mpaka nyumbani.